Daftari la Betri

Umeme ulikatika saa kumi na moja alfajiri,
msonobari umelalia nyaya huko Emmaste,
na mwanangu Tarvo, aliyehamia Tampere,
akapiga simu mara sita:
"Mama, nyumba yako imezimika!"
Nikamwambia, nyumba ipo. Nimo ndani. Nakunywa chai.

Ni yeye aliyeipanda nyumba hii vidude:
kihisi cha maji chini ya sinki,
kingine mlangoni,
kingine kwenye bomba la kisima, cha kupiga kelele
baridi ikishuka chini ya nyuzi mbili,
na juu ya kabati kasha jeupe, dogo kama kisahani,
linaloviita vyote kwa zamu na kuviandika majina.
Werevu wote huo,
na roho yake tundu moja ukutani.

"Nitakuja Desemba nikutengenezee."
Desemba!
Kana kwamba dhoruba za Hiiumaa hungoja likizo ya mtu.

Amesahau, au hakupata kuuliza,
miaka ishirini na mitatu nilikula mshahara wapi.
Kituo cha simu cha Käina. Na chini ya sakafu yetu
chumba cha betri: mitungi ya kioo, asidi,
harufu inayokamata koo.
Kila Jumatatu nilishuka na aproni ya mpira,
nikapima, nikaongeza maji, nikaandika daftarini.
Kisiwa kikazama gizani mara ngapi, sikumbuki,
na bado mtu akiinua simu alisikia mlio.
Mlio ule ulikuwa wangu.

Basi nikaagiza seli nne za buluu,
nzito kuliko zinavyoonekana.
Nikazipanga kichwa kwa mkia, chanya ikitazama hasi,
nikazifunga ubao wa kuzilinda
zisishibishwe kupita kiasi wala kunyonywa hadi mfupani.
Kishusha-volti, kipana kama stempu.
Sanduku lilikuwa la biskuti;
ndani nililivika plastiki, maana bati halichagui linachogusa.

Endel wa jirani akachungulia: "Si ungenunua tu?"
Nikampa tochi ashike.

Mara ya kwanza niligeuza waya.
Cheche moja, harufu, kimya,
na Endel tayari yuko mlangoni.
Fyuzi ndiyo iliyolipa, ampea tano,
niliyoiweka karibu na chanya, karibu kabisa,
kwa kuwa waya haina haya: ukiiachia njia itapita na nyumba.
Kinga na kinga ndipo moto uwakapo, husemwa.
Kinga yangu mimi ni ya senti arobaini,
na moto haukuwaka.

Kisha nikaanza kugawa.
Ruta, ndiyo. Kasha jeupe, ndiyo.
Vihisi vina vibetri vyao tumboni, havidai kitu.
Ikabaki kamera ya jikoni,
ile aliyoifunga juu ya saa bila kuniuliza,
"kwa usalama tu, Mama."
Waya yake niliifikisha hadi sandukuni.
Nikaipima urefu.
Nikaikunja, nikaitia kwenye droo ya vijiko.

Leo upepo umerudi, na Emmaste tena.
Dirishani kwa Endel mshumaa;
kwangu, juu ya kabati, tone la kijani.
Simu ikalia mara moja tu.
"Mama! Nyumba naiona! Ndani nyuzi kumi na tisa,
mlango umefungwa, kisima hakijaganda.
Nani amekufungia?"
"Fundi wa Käina," nikasema.
"Ila kamera siioni."
"Kamera," nikasema, "betri haikutosha."

Ilitosha.

Nimekaa gizani na soksi za marehemu babake,
nakula siagi kwa kijiko,
naimba vibaya, beti ya pili nimeisahau.
Kabla ya kulala nikashusha mita toka msumarini:
kumi na tatu nukta moja.
Nikaandika daftarini, na tarehe.
Ni Jumatatu.